Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuzipata Bendi Mpya za Indie na Pop za Ureno Bila Kuishia Brazili

Kila ninapompa mtu wimbo wa bendi ya Ureno, kinachofuata ni kile kile. Anaupenda, anaingia YouTube kutafuta mwingine wa aina hiyo, na nusu saa baadaye yuko São Paulo. Au anapewa fado ya kina bibi, zile nyimbo za jadi za huzuni za Ureno, au kizomba, muziki wa dansi wa Angola. Vyote ni vizuri, ila sivyo alivyotafuta.

Si kosa lake. Brazili ina watu zaidi ya milioni 200, Ureno ina kama milioni 10 na ushee. Programu za muziki hupima lugha na wingi wa wasikilizaji, na kwa vipimo hivyo Mreno anamezwa mzima mzima. Kila unapobonyeza wimbo wa Mbrazili kwa bahati mbaya, programu inaandika kwamba ndicho unachopenda, na kesho yake inakuletea kumi.

Kwa hiyo tutaanzia upande wa pili. Kwanza tunawafuata binadamu wanaochagua muziki: watangazaji, wenye lebo, waandaaji wa matamasha. Mashine tutaiita baadaye, ikiwa imeshafundwa adabu. Historia ya muziki wa Ureno naiacha, utaikuta njiani.

## Utakavyohitaji

- Simu janja au kompyuta, na hedifoni. Bendi nyingi ndogo hurekodi nyumbani, na spika ya simu inaua besi na sauti za nyuma.
- Bando la kutosha. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula takriban MB 58 kwa saa. Ya kilobiti 96 inakula kama MB 43. Video inakula mara nyingi zaidi, kwa hiyo YouTube iache iwe ya kuhakiki tu.
- Akaunti moja ya programu ya muziki unayoitumia tayari (Spotify, Apple Music, Deezer, YouTube Music), na akaunti ya Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wasanii na lebo huuza muziki wao moja kwa moja. Akaunti ni ya bure.
- Shazam, programu inayokutajia jina la wimbo unaosikika.
- Kibodi ya Kireno kwenye simu. Ongeza Kireno kwenye mipangilio ya lugha, halafu chagua Ureno, si Brazili. Utapata ã, õ na ç kwa urahisi, na kibodi itakubashiria maneno ya Lisbon badala ya ya Rio.
- Daftari, la karatasi au la kwenye simu. Utaandika mambo manne kwa kila bendi: jina, mji, lebo, na ulikoisikia. Usidharau hili. Bila mji na lebo, hatua ya 4 na ya 5 hazifanyi kazi.

Kadi ya malipo ya mtandaoni si lazima mpaka hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Tenga masikio yako mapya na ya zamani

Kabla hujatafuta chochote, izuie programu isichanganye mambo. Kwenye Spotify washa kipindi cha faragha wakati wa kujaribu nyimbo usizozijua. Kwenye YouTube simamisha kumbukumbu ya ulichotazama, au tumia dirisha la faragha la kivinjari.

Sababu ni kwamba katika siku za mwanzo utabonyeza vitu vingi visivyo sahihi. Hakuna haja programu ivihesabu. Utaizima faragha hiyo utakapofika hatua ya 9, ukiwa na nyimbo ulizozihakiki.

## Hatua ya 2: Tafuta kwa Kireno cha Ureno, si kwa Kiingereza

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwa Kiingereza neno moja linataja lugha na taifa kwa pamoja, hivyo mashine inakupa kila aimbaye Kireno. Kwa Kireno chenyewe mambo yako wazi: andika "música portuguesa", maana ya Brazili huitwa "música brasileira". Usiandike "música em português". Hiyo inafungua mlango kwa wote.

Kisha ongeza maneno ambayo Wareno huyatumia na Wabrazili huyakwepa au huyatumia kidogo:

- "concerto" kwa onyesho la bendi. Mbrazili atasema "show".
- "editora" kwa lebo. Mbrazili atasema "gravadora".
- "cartaz" kwa orodha ya wasanii wa tamasha.
- "disco de estreia", albamu ya kwanza. Pande zote mbili zinaelewa, lakini ndiyo ndoano bora ya kuvulia bendi mpya.

Kwenye Google andika hivi: *banda "disco de estreia" editora site:.pt*, kisha weka kichujio cha muda kuwa mwezi uliopita. Hiyo *site:.pt* inaleta tovuti za Ureno peke yake. Badilisha neno "banda" kwa jina la mji (Braga, Leiria, Coimbra) na uone matokeo yanavyogeuka.

Ukitua kwenye makala na huna uhakika iliandikwa wapi, tazama vitenzi. Kusema "anarekodi", Mreno huandika "está a gravar", Mbrazili "está gravando". Mistari miwili mitatu inatosha kukupa jibu.

Kipimo cha sikio. Sikiliza maneno kama *noite*, *dia*, *cidade*. Mbrazili wa miji mikubwa ya kusini mashariki atasema kitu kama "noichi", "jia", "sidaji". Mreno anaiacha *t* na *d* kavu, na irabu ya mwisho anaimeza karibu yote. Watu wengi hutumia ile *s* inayosikika kama *sh* kuwa alama ya Ureno. Usiitegemee, kwani watu wa Rio nao wanayo.

Tahadhari kuhusu majina. Bendi za Ureno zina mchezo wa kujiita majina yasiyotafutika. Kuna bendi ya Lisbon iitwayo Ganso, yaani bata bukini. Ukiandika jina hilo pekee utapata ndege, na baada ya ndege utapata mchezaji mpira maarufu wa Brazili. Zarco itakuletea baharia wa karne ya 15. A Garota Não, mwimbaji wa Setúbal, itakupeleka moja kwa moja Brazili, kwenye ule wimbo maarufu "Garota de Ipanema". Dawa ni kuongeza neno "banda" (bendi) au "ao vivo" (jukwaani, laivu) pamoja na mji: *Ganso banda Lisboa*.

Na usichuje kwa lugha ya mashairi. Bendi nyingi nzuri za Ureno huimba Kiingereza: The Gift ya Alcobaça, Best Youth ya Porto, Birds Are Indie ya Coimbra. Ukitafuta wanaoimba Kireno tu, umeiacha sehemu kubwa ya uwanja.

## Hatua ya 3: Kaa na Antena 3, daftari mkononi

Shirika la utangazaji la umma la Ureno, RTP, lina stesheni kadhaa za redio. Antena 1 ni ya watu wote, Antena 2 ni ya klasiki na jazi. Yetu ni Antena 3, iliyoanza 1994 kwa ajili ya vijana, na mpaka leo ndiyo mlango mkuu wa bendi mpya za nchi hiyo. Unaipata bure kwenye tovuti au programu ya RTP Play.

Jina moja utalikuta tena na tena: Henrique Amaro. Ni mtangazaji wa Antena 3 aliyejenga jina lake kwa kupiga muziki wa Ureno, hasa kupitia kipindi cha *Portugália*, na ndiye pia aliyekuwa akichagua nyimbo za *Novos Talentos FNAC*, mikusanyiko ya vipaji vipya iliyotolewa na maduka ya FNAC. Ukiikuta mikusanyiko hiyo ya zamani, isikilize. Utashangaa ni majina mangapi makubwa ya leo yalianzia humo yakiwa hayajulikani na mtu.

Namna ya kusikiliza: chagua saa moja, kaa chini, usiifanye redio kuwa kelele ya jikoni. Wimbo ukikugusa, washa Shazam. Ikishindwa (na kwa nyimbo zilizotoka wiki hiyo hushindwa mara kwa mara), subiri mtangazaji. Tegea maneno "acabámos de ouvir", yaani "tumetoka kusikia". Jina linafuata papo hapo. Liandike kama ulivyolisikia hata kama tahajia ni mbovu, Google italinyoosha.

Kuhusu saa: Afrika Mashariki iko mbele ya Lisbon kwa saa tatu majira yao ya baridi, na saa mbili kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Kipindi cha saa moja usiku huko ni saa nne usiku kwetu Januari, saa tatu usiku ikifika Julai. Mlioko Muscat ongezeni saa moja, mlioko Goma na Lubumbashi punguzeni moja. Vipindi vilivyopita hubaki RTP Play, kwa hiyo mwenye bando la usiku asihangaike na ratiba.

Ukishaizoea Antena 3, ongeza redio za vyuo: RUC ya Coimbra, iliyo hewani tangu 1986, na RUM ya Braga. Wanafunzi hawana mdhamini wa kumwogopa. Wanapiga vitu ambavyo Lisbon haijavisikia, vingine vibovu kweli kweli, na ndiyo raha yake.

Usianzie RFM wala Rádio Comercial. Ni stesheni kubwa za biashara. Pop iliyokwisha kufaulu utaipata huko, ila utakuwa wa mwisho kuisikia.

*Umefaulu ikiwa* saa moja imekupa majina matatu hadi matano uliyoyapenda, na angalau moja hujawahi kuliona popote.

## Hatua ya 4: Shika bendi moja, uvute uzi wote

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Watu wanakimbilia bendi ya pili kabla hawajamalizana na ya kwanza. Ureno ni nchi ndogo. Wanamuziki wanajuana, wanapigiana ala, wanarekodi studio zile zile, na lebo nyingi ni kikundi cha marafiki. Bendi moja uliyoipenda ni kama mlango wa nyumba ya kupanga: ukiingia, kila chumba kina mtu.

Fanya hivi. Fungua albamu kwenye programu yako, shuka hadi chini kabisa. Kuna mstari mdogo wenye alama za haki miliki, mwaka, na jina. Jina hilo mara nyingi ndilo lebo. Liandike, kisha litafute Bandcamp au Discogs (orodha kubwa ya mtandaoni ya albamu na lebo), uone nani wengine wako pale.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Capitão Fausto ni bendi ya Lisbon. Albamu yao ya kwanza, *Gazela*, ilitoka 2011. Mimi humshauri mgeni aanze na *Capitão Fausto Têm os Dias Contados* ya 2016, kwa sababu ni fupi na nyimbo zake zinashika haraka. Fuata lebo, utaikuta Cuca Monga, ambayo ni yao wenyewe na marafiki zao. Ndani ya Cuca Monga utawakuta Ganso (yule bata wetu), Zarco na wengine. Kisha kuna zawadi: mwaka 2020, wakati wa karantini, wanamuziki wa lebo hiyo walitoa albamu ya pamoja, *Cuca Vida*, kwa jina la Conjunto Cuca Monga. Albamu moja, ukoo mzima. Sikiliza, ukipenda sauti fulani, tafuta ni ya nani, mfuate kwenye bendi yake. Kutoka bendi moja umeshapata tano au sita, na hujagusa kitufe cha mapendekezo.

Nyuzi nyingine za kuvuta:

- Omnichord Records, Leiria. Mji si mkubwa, lebo ina uzito. First Breath After Coma wana gitaa pana za kusafiria usiku. Surma ni msanii wa kike anayejenga nyimbo peke yake kwa mashine, ala na sauti.
- Lovers & Lollypops, Porto. Ukipenda kelele. Hapa utawakuta Black Bombaim wa Barcelos, na lebo hii ndiyo iliyoanzisha tamasha la Milhões de Festa, lililokuja kufanyika Barcelos.
- Cafetra Records, Lisbon. Gitaa zisizopigwa pasi. Pega Monstro ni dada wawili, gitaa na ngoma. Éme ni mwimbaji wa nyimbo tulivu.

Lebo ikikosekana, yaani ule mstari una jina la msanii mwenyewe au maneno "edição de autor", maana yake ameitoa albamu yeye mwenyewe bila lebo. Basi vuta kwa watu. Tafuta orodha ya walioshiriki: "gravado por" ni aliyerekodi, "produzido por" ni prodyuza, "mistura" ni aliyechanganya sauti. Mpiga ngoma pia ni uzi mzuri. Hélio Morais anapiga ngoma Linda Martini, bendi ya gitaa nzito. Na amepiga pia kwenye bendi ya PAUS, ambako seti mbili za ngoma zimeunganishwa kuwa moja, wapigaji wawili wanatazamana uso kwa uso na kugawana ngoma kubwa. Tazama video yao moja ya jukwaani, hapa bando litumike bila huruma.

*Umefaulu ikiwa* kwenye daftari lako lebo moja ina bendi tatu, au mtu mmoja ametokea kwenye bendi mbili.

## Hatua ya 5: Zunguka miji kupitia Bandcamp

Bandcamp inakuruhusu kutafuta kwa mahali. Weka mji, panga matokeo kwa yaliyoingia karibuni. Anza na Lisboa na Porto, lakini usikae huko. Nenda Braga, Guimarães, Coimbra, Leiria, Viseu, Madeira, Azores. Nenda Barcelos hasa: mji unaojulikana kwa sanamu za jogoo, ambao umetoa bendi za rock nyingi kupita ukubwa wake. Glockenwise wanatoka huko. Walianza kwa Kiingereza, wakahamia Kireno kwenye albamu ya *Plástico* ya 2018, na kwa maoni yangu ndipo walipoiva.

Chini ya jina la msanii kuna mahali alipo. Soma kabla hujaandika daftarini: wako Wabrazili wanaoishi Lisbon na Wareno wanaoishi London. Wote halali, ila ujue unamsikiliza nani.

Usihukumu kwa wimbo wa kwanza. Wa kwanza kwenye albamu mara nyingi ni utangulizi. Jaribu wa pili, kisha mmoja wa katikati.

Sasa siri yenyewe. Chini ya picha ya albamu kuna picha ndogo ndogo za walioinunua. Tafuta albamu ndogo, yenye wanunuzi wachache, ubonyeze mmoja wao. Mtu aliyelipia EP (albamu fupi) ya bendi ya Viseu isiyojulikana ana masikio, na maktaba yake yote iko wazi mbele yako. Wafuate watatu wa namna hiyo, na kila wakinunua kitu utaarifiwa.

## Hatua ya 6: Soma mabango ya matamasha kutoka chini kwenda juu

Majina makubwa ya juu ni ya wageni, na unawajua. Wareno wapya wako mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo. Tafuta jina la tamasha pamoja na "cartaz" na mwaka.

Bora kwa kazi yetu ni Bons Sons. Linafanyika Agosti katika kijiji cha Cem Soldos, karibu na Tomar, tangu 2006. Wanaoliandaa ni wanakijiji wenyewe kupitia klabu yao. Majukwaa yanasimama viwanjani na barabarani, na wenyeji ndio wanaohudumia wageni. Sharti lao moja linakurahisishia maisha: muziki ni wa Ureno tu. Bango lao lote ni orodha yako ya kusikiliza, juu hadi chini. Chukua la mwaka huu na ya miaka miwili iliyopita, una kazi ya mwezi mzima.

Yafuatayo nayo yana faida. Westway LAB ya Guimarães na MIL ya Lisbon ni matamasha ya kuwaonyesha wasanii kwa mawakala, kwa hiyo wanaopanda ni wale ambao mtu fulani anaamini watafika mbali. Tremor hufanyika kisiwa cha São Miguel, Azores. Festival Termómetro ni mashindano ya bendi mpya yaliyoanzishwa na Fernando Alvim miaka ya 1990. Paredes de Coura, tangu 1993, lina wageni wengi lakini majukwaa ya mchana yana Wareno wa kuangaliwa. Kumbuka kwamba majina hubadilika na wadhamini: Super Bock em Stock la Lisbon liliwahi kuitwa Vodafone Mexefest.

Kumbi ndogo zinafanya kazi hiyo hiyo mwaka mzima. Mara moja kwa mwezi pitia ratiba, wao huiita "agenda", za Musicbox na ZDB mjini Lisbon, Maus Hábitos mjini Porto, gnration mjini Braga, na Salão Brazil mjini Coimbra. Hilo la mwisho jina lisikutishe, liko Ureno.

## Hatua ya 7: Februari na Machi, tazama Festival da Canção

Hapa nabishana na wapenzi wa indie wanaodharau mashindano ya televisheni. Festival da Canção ni shindano la RTP la kumchagua mwakilishi wa Ureno kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Lipo tangu 1964, lakini mwaka 2017 lilifanyiwa ukarabati: watunzi wakaalikwa, wengi wao kutoka kwenye ulimwengu huu huu wa lebo ndogo. Mwaka huo huo Salvador Sobral akashinda Eurovision kwa wimbo aliotungiwa na dada yake Luísa, ushindi wa kwanza wa Ureno. Tangu hapo wamepita Conan Osiris (2019), MARO (2022), iolanda (2024). Surma wa hatua ya 4 alishiriki 2019.

Mfano wa karibu ni NAPA, bendi ya Madeira iliyoshinda 2025 kwa "Deslocado", wimbo wa mtu wa kisiwani anayeishi mjini na kukumbuka kwao. Eurovision haikuwapa nafasi ya juu. Wasikilizaji mitandaoni wakawapa. Wengi waliowajua hapo walidhani ni bendi mpya, kumbe ilikuwepo zamani kwa jina la Men on the Couch. Hilo ni somo la upekuzi: kila bendi "mpya" iangalie kama ina jina la zamani, maana albamu zake za mwanzo zinakaa huko.

Cha kufanya: usisubiri fainali. Andika orodha ya watunzi wote wa nusu fainali mbili, kisha tafuta albamu zao za kawaida. Wimbo wa shindano mara nyingi si kazi yao bora. Jina la mtunzi ndilo ulilokuja kuchukua.

## Hatua ya 8: Waandishi wawili watatu wa kuwaamini

Kwa ufupi. Blitz ipo tangu 1984 na sasa iko mtandaoni. Ípsilon ni nyongeza ya utamaduni ya gazeti la Público, hutoka Ijumaa. Altamont na Bodyspace huandika kwa undani kuhusu rock na indie; Rimas e Batidas ilianzia hip hop na imepanuka. Chagua mwandishi mmoja ambaye albamu tatu alizozisifu umezipenda, umfuate huyo, si gazeti zima.

Tafsiri ya mashine inatosha, isipokuwa kwenye majina: itatafsiri jina la bendi pamoja na sentensi. Ukikuta "vijiti" wametoa albamu, ni PAUS.

Na kama unataka upande ulio jirani zaidi na sisi, mtafute Selma Uamusse. Alizaliwa Maputo, akaimba na Wraygunn ya Coimbra, kisha akatoa albamu zake *Mati* (2018) na *Liwoningo* (2020), zenye lugha za Msumbiji ndani. Dino D'Santiago naye, kijana wa Quarteira mwenye asili ya Cabo Verde, ameiingiza Krioli katikati ya pop ya Ureno.

## Hatua ya 9: Sasa iite mashine

Zima ile faragha ya hatua ya 1. Tengeneza orodha mpya ya nyimbo 20 kutoka daftarini: wasanii 20 tofauti, miji isiyopungua mitano, Kireno na Kiingereza vikichanganyika. Iwe ya Wareno watupu. Mbrazili mmoja akiingia, programu itamfuata yeye.

Isikilize yote mara kadhaa bila kuruka nyimbo. Halafu washa redio ya orodha hiyo au mapendekezo yaliyo chini yake. Kila Mbrazili anayetokea, mwondoe au mruke mapema. Wiki ya kwanza itakuwa na fujo. Ikiendelea hivyo, punguza nyimbo za wasanii wakubwa kwenye orodha yako, kwani ndio wanaovuta wageni.

*Umefaulu ikiwa* kati ya mapendekezo kumi, sita au saba ni Wareno na angalau wawili hawamo daftarini.

Ijumaa ndiyo siku ya kuchungulia, kwa kuwa albamu mpya dunia nzima hutoka siku hiyo tangu 2015.

## Hatua ya 10: Lipa kidogo, pale inapofika

Bendi ya Viseu yenye wasikilizaji mia chache haitapata kitu cha maana kutokana na wewe kusikiliza bure. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na ada ya malipo juu yake. Kinachobaki kinakwenda kwa msanii au lebo. Albamu nyingi ndogo zina bei ya "lipa unachotaka", kwa hiyo hata dola mbili zinapokelewa. Kadi ya kawaida ya Visa au Mastercard inafanya kazi. Ya mtandaoni ya M-Pesa ijaribu kwa kiasi kidogo kwanza, na uhakikishe umeweka ziada kidogo, kwa sababu Ureno huuza kwa euro na kuna kodi inayoweza kuongezwa wakati wa kulipa.

Kuna baadhi ya Ijumaa za mwanzo wa mwezi, zilizoanza 2020, ambazo Bandcamp haichukui asilimia yake kabisa. Saa zao ni za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa Afrika Mashariki Ijumaa hiyo inaanza saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira, na kwisha Jumamosi saa hiyo hiyo. Ukilipa Ijumaa alfajiri umewahi mno.